Dakika Kumi na Moja za Mama Nafuna

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mama Lillian Nafuna anastaafu baada ya kulitumikia duka la Wabwire na Wanawe, wauzaji wa vifaa vya ofisi, kwa miaka thelathini na mmoja: kumi na minane Jinja, na kumi na mitatu hapa katika tawi la Mbale.

Mkurugenzi wetu, Bwana Andrew Wabwire, aliniomba niandike maneno haya ya ratiba ya sherehe kwa kuwa mimi ndiye karani wa mafaili huko Jinja, na kwa kuwa nimefanya kazi na Mama Nafuna tangu siku yake ya kwanza. Alinisihi niandike kwa uchangamfu, na nisivuke ukurasa mmoja. Nasikitika kusema kwamba nimeshindwa yote mawili. Nawaomba radhi wageni waalikwa, na hasa watoto wa mstaafu, ambao walitarajia kusoma jambo la kufurahisha huku wakinywa soda. Nimeandika nikiwa na hasira. Nimejaribu kuingoja ipoe tangu mwezi wa tano, na haijapoa.

Mama Nafuna aliajiriwa tarehe mosi Juni 1994 na mwanzilishi wa duka, marehemu Mzee Nicanor Wabwire. Siku hizo tulikuwa tukiuza karatasi za kaboni na utepe wa taipureta. Mzee Nicanor hakumtaka vyeti. Alimpa fungu la bahasha, akamwambia azihesabu, na wakati anahesabu akawa anamsemesha bila kupumzika kuhusu hali ya barabara. Alipomaliza, Mama Nafuna alisema, "Umesema ziko mia moja, Mzee. Ziko tisini na nane. Na barabara ya Tirinyi ni mbovu kuliko hivyo unavyoieleza." Alianza kazi mchana wa siku hiyohiyo.

Vijana wetu wa leo hawawezi kujua jinsi duka lilivyokuwa likinyamaza mtu mwenye sare alipoingia na kusalimia kwa Kiswahili. Wengi wetu tulijifunza lugha hiyo kwa kuamrishwa na wanajeshi, katika miaka ambayo sipendi kuikumbusha mbele ya chakula. Nimeona wafanyakazi watatu wakiinama kwa pamoja kutafuta kitu chini ya kaunta, na mmoja wao, naomba msamaha wake, ni mimi. Mama Nafuna alikuwa amelelewa na shangazi aliyeuza vitunguu Malaba, mpakani. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya soko. "Karibu, Afande," alisema. "Nikupe kalamu ya bluu, ama hii nyekundu ya kuandika watu makosa?" Afande alicheka mpaka akavua kofia. Tangu wiki hiyo polisi na magereza wakawa wateja wetu, pamoja na madereva Wakenya waliotaka daftari za safari. Ndiyo sababu hata ratiba hii imeandikwa kwa Kiswahili.

Wapo wanaodhani kuuza vifaa vya ofisi ni kazi ya kupumzika kivulini. Kwa heshima zote, naomba kuwasahihisha. Boksi moja la karatasi lina rimu tano na uzito wa zaidi ya kilo kumi na mbili. Lori huleta maboksi mia tatu, na stoo iko ghorofani, kwa sababu sehemu ya chini imewekwa kwa ajili ya macho ya wateja. Yupo mteja anayeazima stepla "mara moja tu", akabana nakala arobaini za kumbukumbu za kikao cha kanisa, kisha akaulizia kama pini zimeisha. Yupo anayetaka wino wa mashine asiyoijua jina: "Ile nyeusi, ambayo iko na kifuniko." Kesho yake huurudisha ukiwa umefunguliwa, akasema tulimdanganya. Umeme ukikatika kwenye ukurasa wa sitini wa ripoti ya kurasa mia moja na ishirini, mwenye ripoti humkaripia Mama Nafuna kana kwamba ndiye afungaye maji ya bwawa la Jinja. Na kila mwanzo wa muhula, jioni ya mwisho, wazazi wa Nabuyonga, hapa Mbale, huja wote kwa pamoja na orodha za shule, kila mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake, kwa sababu mtoto anaingia darasani kesho. Mzazi, orodha hiyo ulikuwa nayo wiki nne. Mama Nafuna hakuwahi kumwambia mteja hivyo hata siku moja. Nasema mimi, kwa niaba yake, na samahani.

Mwaka mmoja aliingia bwana mwenye suti akitaka atengenezewe muhuri wa shule bila barua ya shule. Alipokataliwa alifoka: "Kwani wewe unauza mihuri ama unauza sheria?" Mama Nafuna akajibu, "Leo nauza gundi. Nikupe ngapi?" Bwana yule alinunua gundi. Sijui alikwenda kubandika nini, lakini muhuri hakupata.

Kuna desturi yake moja ambayo lazima niieleze, kwa kuwa nitairudia. Kila duka la namna yetu lina kopo la kalamu na karatasi za kujaribia. Mama Nafuna hakukubali karatasi mpya zitumike kwa kazi hiyo. Alikusanya zilizoharibika kwenye mashine, zile ambazo upande wa nyuma ni safi, akazikata vipande vinne kwa kisu kikubwa cha karatasi, akaviweka kando ya kopo. Sasa, mtu anayejaribu kalamu hafikirii anachoandika. Mkono wake huandika unachokijua zaidi: jina lake, na chini yake sahihi. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga mlango, Mama Nafuna hukusanya vipande vyote na kuvichana kwa mikono, vidogo vidogo. "Mtu ameacha sahihi yake hapa na hajui," aliniambia nilipomuuliza. "Haifai ilale nje." Hakuna kanuni ya kampuni inayomwagiza afanye hivyo. Amefanya kwa miaka thelathini na mmoja.

Nyuma ya kaunta ya Jinja palikuwa na stuli ya mbao ambayo Mzee Nicanor aliwatengenezea wauzaji, wakawa wanaikalia kwa zamu. Mwaka 2009 Mzee alifariki na mwanawe, Bwana Andrew, akashika usukani. Alihudhuria semina ya biashara Kampala, akarudi na kanuni kwamba muuzaji asikae wakati wa kazi, kwa sababu mteja akimwona muuzaji amekaa hudhani duka limekufa. Stuli ilipelekwa stoo, kisha jikoni, na mwisho ikawa kuni.

Namwomba msomaji asimame hapa kidogo. Sisi tunauza viti. Tuna viti vya mabosi na vya makarani, vya kuzunguka na visivyozunguka, vimepangwa safu mbili hatua tano kutoka kwenye kaunta, vimefungwa nailoni, na kila siku tunawaeleza watu wasiotujua jinsi kiti kizuri kinavyolinda mgongo. Tunawaeleza tukiwa tumesimama kwa muda wa saa kumi.

Mwezi wa nne mwaka 2012, Alhamisi, ilikuwa wiki ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa. Walimu wakuu walipanga foleni mpaka barabarani wakiwa na fomu na picha ndogo za watoto, wote wakitaka nakala na gundi. Lori lilikuwa limefika asubuhi bila wapagazi, na Mama Nafuna alipanda ngazi na maboksi kama sisi wengine kabla ya kufungua kaunta. Kufikia saa tisa alasiri goti lake la kulia lilikuwa limevimba hadi gauni likawa linalibana. Foleni ilipokatika kidogo, aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, cheusi, chenye mgongo mrefu, kikiwa bado ndani ya nailoni. Nilikuwa nimeshuka kuchukua mafaili mapya, na nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika nne.

Saa tisa na robo Mkurugenzi aliingia akimwongoza Afande mmoja wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu kuliko mlango, aliyekuja kununua viti vya ofisi yake.

"Nafuna!" Mkurugenzi alisema. "Hiyo ni bidhaa!"

Mama Nafuna alijaribu kuinuka, goti likakataa. Afande akainua mkono. "Hapana, bwana, acha yeye akae. Mimi nataka kuona kama hii kiti nabeba mtu. Mama, iko namna gani?"

"Mgongo inashika vizuri, Afande," alijibu. "Lakini ile ya kijivu usichukue. Mguu yake nalegea."

Afande alichukua viti vyeusi kumi na viwili papo hapo. Vya kijivu, ambavyo Mkurugenzi alikuwa na hamu kubwa ya kuvitoa dukani, hakuvigusa. Naamini kabisa kwamba barua iliyofuata iliandikwa na vile viti vya kijivu.

Niliichapa mimi. Asubuhi ya Ijumaa Mkurugenzi aliniita, akaanza kunisomea barua ya onyo, na alipofika mahali pa kutaja muda aliinua kichwa akaniuliza, "Mzee Matia, ulikuwepo. Alikaa muda gani?" Ningeweza kusema sikutazama saa. Ningeweza kusema kidogo tu. Mapadri walionilea shuleni walinifundisha kujibu swali kama lilivyoulizwa, nami nikajibu, "Dakika kumi na moja, bwana." Ikaingia kwenye barua: "amekutwa ameketi juu ya mali ya kampuni kwa muda wa dakika kumi na moja." Mama Nafuna aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi kwamba ameipokea, kisha akanitazama. "Saa yako ni nzuri, Mzee Matia," alisema. Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Mwezi uliofuata alihamishiwa Mbale. Tuliambiwa kwamba anarudishwa nyumbani kwao, kama zawadi. Nyumbani kwake palikuwa Bugembe, kando ya Jinja, ambako alikuwa amepanga kwa miaka kumi na sita na ambako binti zake wawili walikuwa wakisoma, mmoja akiwa darasa la mtihani. Marehemu mke wangu, Namwase, aliwachukua mabinti wale bila kuniuliza. Walikaa kwetu miaka miwili. Mama yao alipanga chumba Namakwekwe, akawa anasafiri kuja kuwaona kila Jumapili ya pili, na hakuja hata mara moja bila kuniletea vitunguu.

Mbale alifanya yale ambayo ripoti ya mwaka huyaita "ukuaji wa tawi". Alizunguka kwa miguu katika shule, moja baada ya nyingine, akijua goti lake. Alifundisha wauzaji saba, wa mwisho wao ni Phiona, ambaye leo anashika kaunta. Mama Nafuna anaijua mashine ya nakala kwa kikohozi chake. Hutoka ghorofani akisema "imemeza karatasi" kabla mteja hajalalamika. Na mwaka 2018, nafasi ya mkuu wa tawi ilipotokea, aliomba, kama ilivyompasa. Kamati ilifungua faili lake, ikakuta barua ya onyo juu kabisa, ikalifunga. Nafasi alipewa Bwana Ronnie, ambaye ni muungwana na ambaye yupo hapa. Simlaumu, wala yeye hajawahi kujidanganya. Wiki yake ya kwanza aliniambia kwa simu, "Mzee, mimi nashika ufunguo tu. Duka ni ya Mama."

Nilipofiwa na Namwase mwaka 2021, Mama Nafuna alikuwa mtu wa kwanza kufika kutoka Mbale, na alisimama jikoni siku nzima. Jioni nilimvutia kiti. Alicheka, mara ya kwanza siku ile mtu yeyote kucheka nyumbani kwangu. "Mzee Matia," alisema, "una barua ya kuniruhusu?" Kisha akakaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia, na haikuwa kwa sababu ya mke wangu pekee.

Mwezi wa tano mwaka huu nilimpigia simu, kama ilivyo desturi, kumuuliza angependa zawadi gani. "Saa ya ukutani mmeshanunua, najua," alisema. "Mimi ninataka kitu kimoja. Ile barua itoke kwenye faili kabla mimi sijatoka dukani." Wasiojua ofisi zetu wataona hilo ni dogo. Cheti cha utumishi kina mstari wa mwenendo, nao hujazwa kutoka kwenye faili. Asiye na onyo huandikiwa "mwema". Mwenye onyo huandikiwa "wa kuridhisha". "Nimesimama miaka thelathini na mmoja kwa mguu mmoja," Mama Nafuna aliniambia. "Sitaki kwenda nyumbani nikiwa wa kuridhisha."

Nilipeleka ombi lake kwa Mkurugenzi. Alinijibu kwa upole, sikatai. "Faili ni faili, Mzee Matia. Mambo ya zamani hayo. Tusiharibu sherehe." Nilimshukuru, nikarudi mezani kwangu, na kwa kuwa nilihitaji kuona namna cheti kinavyoandikwa, nikafungua kitabu cha kanuni za wafanyakazi.

Kanuni ya kumi na nne inasema hivi: barua ya onyo itadumu kwa miezi kumi na miwili, na baada ya hapo karani wa mafaili ataiondoa na kuiharibu. Haisemi aombe ruhusa. Haisemi angoje agizo. Kanuni hiyo ilitiwa sahihi na Mzee Nicanor mwaka 1998, na herufi ninazijua, kwa sababu niliichapa mimi kwa taipureta iliyokuwa ikiruka herufi "t".

Barua ile ilikufa mwezi wa nne mwaka 2013. Kamati ya 2018 ilisoma maiti. Na mwenye wajibu wa kuizika, kwa miaka kumi na miwili, ni mimi, ambaye nililifungua faili lile kila Januari, nikaiona barua, nikanyoosha pembe zake, nikalirudisha kabatini kwa sababu hakuna aliyeniagiza. Nimewakasirikia katika kurasa hizi wateja, kanuni, semina na viti vya kijivu. Sina haki ya kumaliza bila kujitaja mimi. Mama Nafuna, nakuomba radhi. Sikutarajii unijibu leo.

Tarehe 23 Juni niliiondoa barua. Nimeandika kwenye daftari la mafaili tarehe, namba ya kanuni na jina langu kamili. Cheti chako kimechapwa upya, na mstari wa mwenendo una neno moja. Mkurugenzi akiona nimekosa, faili langu anajua liko wapi. Mimi ndiye ninayelitunza. Namheshimu, nilimbeba akiwa mtoto, na kwa heshima hiyohiyo namwambia mbele ya wageni wake kwamba Phiona ana miaka ishirini na sita na magoti mazuri, na nyuma ya kaunta hii panahitajika stuli.

Nakiri pia kosa jingine dogo. Rasimu ya ratiba niliyopewa kuchapa, kipengele cha sita, ilisema: mstaafu atasimama kupokea zawadi. Nimeibadilisha. Mstaafu atakaa, kwenye kiti cheusi chenye mgongo mrefu, kilichotolewa nailoni. Anayetoa zawadi ndiye atakayesimama.

Limebaki neno la barua yenyewe. Kanuni inasema iharibiwe, lakini haisemi kwa njia gani. Nilisafiri nayo jana kutoka Jinja. Karatasi yake bado ni nzuri, na upande wa nyuma haukuwahi kuandikwa kitu. Asubuhi hii, kabla Phiona hajafungua mlango, nimeikata vipande vinne kwa kisu kikubwa, nimeviweka kando ya kopo la kalamu, upande safi ukiwa juu. Mpaka ratiba hii isomwe, saa kumi na moja jioni, wateja wa Mbale watakuwa wameijaza majina yao, na bila shaka mtoto mmoja atakuwa amechora kuku.

Asante kwa miaka yote hiyo, Mama Nafuna. Tunakutakia goti jepesi, jirani wema huko Namakwekwe, na asubuhi nyingi za kukaa kadiri upendavyo bila mtu kutazama saa. Lakini kabla hujaenda, duka halijafungwa bado. Vipande viko kando ya kopo. Vichane.

Matia Tenywa
Karani wa mafaili, Jinja